Kifaru na Sisimizi wa Jiwe Jeusi

"Nije, nisije?"

"Njoo!"

"Nije mikono mitupu?"

"Njoo na uongo mtamu!"

Haya, sogeeni. Wanaosinzia, wasinzie kwa zamu.

Alikuwako Kifaru, akikaa ndani ya jiwe jeusi linalong'aa. Aliingiaje? Muulizeni mwenyewe. Jiwe hilo si chuma kamili, si jiwe kamili, ndiyo maana wajuzi wakaliita nusumetali. Ndani yake atomi zilijipanga safu kwa safu kama mahindi shambani, zimeshikana mikono. Ukitikisa moja, zinatikisika zote.

Humo walipita sisimizi wadogo mno, jina lao elektroni. Kila sisimizi alibeba punje ya joto, akitoka upande wa jua kwenda upande wa baridi, kwenye mayai yao. Joto lisipofika, mayai yanaganda.

Na chakula cha Kifaru kilikuwa hilohilo joto.

Kule alikohama, kwenye jiwe la kawaida, alishiba kila siku. Anapiga mguu, tih! Atomi zinayumba. Sisimizi anajikwaa, anageuzwa alikotoka, punje inadondoka. Kifaru analamba, nyam! Tih! Nyam! Tih! Nyam! Tumbo likawa pipa.

Lakini katika jiwe jeusi, anapiga mguu, tih! Sisimizi wanapita. Tih! Tih! Wanapita, chaka chaka chaka, hageuki hata mmoja.

"Hapa ipo namna," akasema Kifaru.

Akalala kifudifudi, akachungulia. Akaona njia zimesukwa kama ukili wa mkeka. Wapo sisimizi wanaotembea wakijizungusha kushoto, na wapo wanaojizungusha kulia, kila kundi na njia yake, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Sisimizi wa kushoto hawezi kugeuka katika njia yake. Akitaka kurudi, sharti kwanza ajipindue awe wa kulia, arukie njia ya pili, na vishindo vya Kifaru havikuweza kumrusha mbali hivyo.

Kifaru akakosa raha. Akazishuku atomi. Akakishuku kivuli chake. Akaishuku hata pembe yake.

"We pembe, ndiwe unayewapasha habari?"

Pembe kimya.

"Kimya cha nini?"

Mwishowe akamkamata sisimizi mdogo kuliko wote, aitwaye Chepesi, akamwinulia mguu juu ya kichwa.

"Sema, mdudu wewe! Nitikise vipi ndipo mwangushe joto?"

Chepesi akainua kichwa. Akamtazama Kifaru machoni, akaona yamefinywa kama ya mtu asiyeamini hata masikio yake. Hapo akapata la kusema.

"Bwana Kifaru, nitakwambia kweli. Endelea kutikisa ovyo ovyo, utatuchosha. Leo ataangusha huyu, kesho yule. Ila usije ukasimama upande wa jua ukapiga kwa mpangilio, kuelekea baridi. Mtikisiko ukienda tunakokwenda, utatubeba. Tutafika mbio, na joto la tumboni mwako tutaondoka nalo."

Kifaru akawaza. Nani humwambia adui yake kweli? Hataki nisimame upande wa jua. Kwa nini? Kwa sababu nikisimama pale, wamekwisha!

Akasita kidogo. Na kama anajua nitawaza hivi?

"Apa!" akanguruma.

"Naapa kwa mayai yetu, ni kweli tupu."

Anaapa! Basi ni uongo.

Kifaru huyoo, mpaka upande wa jua. Akapiga kwa mpangilio. Tih, tih, tih! Atomi zikainama moja baada ya nyingine, wimbi likakimbia kuelekea baridi, na sisimizi juu yake, vuuu! Kifaru akaachama kusubiri punje. Hakuna.

"Bado kidogo," akasema, akazidisha nguvu. Tih, tih, tih! Vuuu!

Kadiri alivyopiga, ndivyo walivyokwenda kasi. Joto la tumbo lake likashuka miguuni, miguu ikalitia katika mtikisiko, mtikisiko ukawapa sisimizi, sisimizi wakayapelekea mayai. Pipa likawa mfuko mtupu. Kule kwenye baridi mayai yakapasuka, pa! pa! pa! Vitoto vikatoka vikinyoosha miguu.

Kifaru akabaki anatetemeka, meno ke-ke-ke, hawezi kuinua hata kwato.

Chepesi akajipindua, akarudi kwa njia ya pili, ile ya wa kulia.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Si nilikwambia?"

"Uliniambia kweli!"

"Kweli tupu."

Kifaru akamkazia macho mpaka yakatoka machozi ya baridi.

"Mwongo mkubwa wewe!"

Basi, wanangu, funzo ni hili: mtu akikwambia kweli huku anakutazama usoni, usimwamini hata chembe. Mwangalieni Kifaru. Hakuamini, na sasa hana shida ya unene.

"Nimetua mzigo!"

"Tumeupokea!"

"Mzito?"

"Mtamu!"