Injini Iliyokutwa Ikinguruma

"Ukiikuta inanguruma, uliza iliamkaje."

Hayo ndiyo Bi Tatu aliyomjibu mpwa wake asubuhi ile, msichana alipomaliza kumsifia mchumba aliyempata mjini: ana kazi, ana nyumba, ana adabu, na hajaonekana hata mara moja kumnunia mtu. Vijana waliokuwa wakipukuchua maharage barazani wakacheka, kisha wakamgeukia Mzee Hoza wamwulize inayonguruma ni nini. Ni simba? Mmoja akadai kwamba methali ya namna hiyo tunayo tayari, ile ya ving'aavyo. Mzee Hoza akakunja uso. Ile ni ya macho, akasema, na anayedanganywa na macho hakujua. Hii ni ya mtu aliyejua kabisa la kufanya, akaona haya kulifanya. Maneno haya yana kwao, na kwao ni Korogwe, kwenye gereji ya fundi aliyeitwa Kiluwa.

Huyo Kiluwa alitengeneza magari ya zamani, yale ambayo vipuri vyake havipatikani tena madukani. Mwenye Moris alimjia yeye, mwenye Land Rova ya enzi za mkoloni vilevile. Na kwa kuwa magari ya aina hiyo huishi kwa injini za kutafutatafuta, zilizofumuliwa na kuundwa upya na mafundi wa huku na huko, wengine waaminifu na wengine wezi wa mchana, watu hawakuthubutu kununua injini bila kwenda naye. Walisema Kiluwa ana sikio. Naye hakuwakatalia.

Alikuwa na sharti moja ambalo wateja wake walilichukia. Injini ya kununua sharti uifikie imelala. Uende alfajiri, muuzaji hajanywa chai, uweke kiganja kwenye bloku, kiwiliwili cha injini, uhakikishe ni baridi, kisha uiwashe kwa mkono wako. Injini ikishapata moto, alisema, husema maneno mazuri kama mtu yeyote aliyekwisha kushiba. Maradhi yake huyataja inapoamka. Kama silinda hedi, kile kichwa cha injini, ina ufa, maji huvuja ndani usiku kucha, na asubuhi utasikia kikohozi na kuona moshi mweupe. Chuma kikipata joto hutanuka, ufa ukajibana, na hutasikia tena kitu mpaka siku utakapoipandisha mlima. Wauzaji walimwita mchawi kwa sharti hilo, na waaminifu peke yao ndio waliomkaribisha.

Sasa, baba yake Kiluwa, Mzee Shemhilu, alikuwa na Pijo 404 iliyokuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba miaka mingi, injini imekufa. Gari hilo lilikuwa na deni, wala si la pesa. Mzee alilinunua ujanani, baada ya kuuza shamba la iliki alilorithi pamoja na dada yake, Mwantumu. Dada aliridhia shamba liuzwe kwa ahadi moja tu: kwamba gari likija, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupanda, na kaka yake atampeleka Pangani akaione bahari, maana alikuwa ameolewa juu milimani, kijiji cha juu ya Soni, na bahari aliisikia kwa watu. Gari likaja. Likabeba maharusi wa Korogwe nzima, likabeba mabwana shamba na mashehe. Kila mwaka mzee alisema mwaka huu nitakwenda kwa dada. Mwishowe Bi Mwantumu akachoka, akamtumia salamu: asikanyage uwanja wake mpaka aje na hilo gari.

Maneno ya hasira, kila mtu alijua. Lakini Mzee Shemhilu aliyashika kama sheria, maana sisi wazee ukaidi wetu huwa tunauita heshima. Injini ikafa, naye akapata sababu ya kutokwenda kabisa. Miaka ikapita hivyo, mtu na dada yake, hawaonani.

Halafu habari ikashuka kutoka milimani kwamba Bi Mwantumu anaumwa, hali chakula, na anauliza swali moja: gari linakuja lini? Mzee akamwita mwanawe. Hakuamuru. Alimwomba, na Kiluwa hakuwahi kuombwa na baba yake kitu chochote maishani. Akaahidi palepale kwamba gari litapanda.

Kulikuwa na fundi mmoja Muheza, Aloisi, mtu mwaminifu na mzito kama kinu, aliyekuwa akiiunda upya injini hasa ya Pijo ya aina hiyo. Kiluwa akaenda kwake. Aloisi akamwonyesha injini ikiwa nusu, beringi zake hazijafika kutoka Mombasa. Akamwambia aje Jumatatu ya wiki inayofuata, alfajiri, aiwashe mwenyewe. Kiluwa akamweleza habari za shangazi. Aloisi akasikitika kwa dhati, akasema beringi hazina shangazi, zitafika zitakapofika.

Aliporudi nyumbani akakuta salamu nyingine, kwamba mgonjwa amelegea. Ndipo mtu wa sokoni akamtajia Bwana Zuberi wa Tanga, muuzaji mgeni, mwenye injini ya 404 iliyo tayari. Kiluwa hakulala. Akapanda gari la asubuhi, lakini mpaka anaupata uwanja wa Bwana Zuberi, jua limekwisha kupanda.

Injini ilikuwa juu ya fremu ya chuma, imepakwa rangi ya fedha, inanguruma. Juu ya kifuniko chake palikuwa na bilauri ya maji, na maji hayo hayakutikisika. Kiluwa akainamisha kichwa akasikiliza. Haki ya Mungu, ilikuwa ikiimba. Bwana Zuberi akasimama pembeni mikono kifuani, akasema amesikia sifa za sikio la Kiluwa tangu zamani, na kwamba watu wa kawaida huja kujaribu injini, ila mtu kama yeye huja kuisikiliza tu. Kisha akamshika mkono akamwingiza ndani. Palikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mke wa Bwana Zuberi akamwita kaka, akamhimiza aongeze.

Hapo ndipo Kiluwa alipotakiwa kusema maneno machache tu: izime, nitalala mjini, alfajiri nitarudi niiwashe. Maneno yalimfika kooni. Lakini mtu amekulisha, amekupa heshima mbele ya mkewe, utamwambiaje sasa kwamba humwamini? Ingekuwa ni ya mteja, angesema, hata kama samaki angekuwa bado mdomoni. Mganga hajigangi. Na zaidi ya haya kulikuwa na haraka, maana moyoni alimwona baba yake kule nyumbani amekaa dirishani akisubiri. Akajiambia kwamba sikio halijawahi kumdanganya. Akanawa mikono, wakapatana.

Wakaifunga injini kwenye Pijo siku iliyofuata kutwa nzima, na jioni ikawashwa, ikizimwa inawashwa tena, hata moto wake haupoi. Ikaimba vilevile. Mzee Shemhilu akatoka ndani akaweka mkono juu ya boneti kama anavyoshikwa bega rafiki. Alicheka, na Kiluwa alifurahi mno, furaha ambayo baadaye ilimuuma kuliko mambo yote.

Asubuhi yake akaiwasha. Ikakohoa. Gari zima likatetemeka, na moshi mweupe ukatoka nyuma ukajaa uani. Ikakohoa tena, ikasitasita, kisha ikatulia, ikaanza kuimba.

Kiluwa alijua. Hilo lisipingwe. Alijua palepale, mkono ukiwa bado kwenye ufunguo. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi, doti ya khanga aliyomnunulia dada yake ameipakata. Akauliza moshi ule ni wa nini. Kiluwa akajibu kwamba ni baridi ya asubuhi. Baridi, Korogwe, mji ambao jogoo huamka na jasho! Wakaondoka.

Mpaka Mombo hakuna lililotokea. Kutoka Mombo barabara huanza kukwea kuelekea Soni, kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Walifika kwenye moja ya kona hizo, karibu na maporomoko, sindano ya joto ikaruka hadi mwisho, kukasikika mlio kama wa ukuni mbichi ukipasuka motoni, na injini ikanyamaza. Maji yakamwagika chini ya gari yakiwa yamechanganyika na oili. Kiluwa akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti, akasimama tu. Hapakuwa na la kutengeneza.

Baba yake akateremsha kioo.

"Kiluwa."

"Naam, baba."

"Kule Tanga, uliikuta inanguruma?"

Kiluwa hakuweza kumtazama. "Niliikuta inanguruma, baba."

"Hukuuliza iliamkaje?"

"Niliona haya."

Mzee akaitazama khanga mapajani mwake, akainyoosha pembe. "Ulinilisha na mimi haya hiyo asubuhi," akasema. "Ulisema ni baridi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Sijui kama dada yangu atakuwa na nafasi ya kukusamehe."

Lori tupu la kabichi likapita likirudi juu, dereva akajitolea kuwapakia. Mzee akakataa. Ameambiwa asije bila gari hili, akasema, na amekwisha kumvunjia dada yake ahadi za kutosha. Kiluwa akaomba, akapiga magoti barabarani, wapi. Wakakaa pale. Kiluwa akamwaga maji kwenye injini, akaisubiri ipoe, akajaribu, akajaribu tena, kwa kuwa mikono haijui kukaa bure mbele ya msiba. Mchana ukapinduka. Lori la pili lilipotokea, mzee alifungua mlango mwenyewe bila kuambiwa, akapanda juu ya magunia matupu na kanzu yake nyeupe, hakugeuka kulitazama gari.

Walifika wakati wa magharibi. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na watu hao walikuwa kimya. Mjukuu wa Bi Mwantumu, mwanamke mtu mzima, akaja kumpokea mzee, akambusu mkono. Akawaambia kwamba bibi amefariki baada ya swala ya alasiri. Asubuhi alikuwa na nguvu. Aliambiwa kaka yake yuko njiani, akaomba atolewe akalazwe barazani, na kila aliyepiga soga akamwambia anyamaze, kwa sababu anataka kusikia gari likikata kona. Walinyamaza mchana kutwa. Kila lililopita alisema, hilo si lenyewe, hilo ni lori.

Mzee Shemhilu akamwomba mjukuu ampeleke mahali alipolazwa dada yake, akamfunika kwa ile khanga. Kisha akakaa chini karibu naye, akaanza kumsimulia juu ya Pangani, mawimbi yanavyokuja na yanavyorudi, kwa sauti ya chini, kana kwamba wako njiani. Kiluwa alisimama mlangoni akasikia yote. Huo ndio uliokuwa mzigo wake, na hakuna aliyemsaidia kuutua.

Bwana Zuberi hakupatikana tena. Kiluwa alikwenda Tanga akakuta uwanja mtupu na fremu ya chuma imeachwa, na kusema kweli hakumtafuta sana. Alisema Bwana Zuberi aliuza alichokuwa nacho, ila yeye Kiluwa ndiye aliyekuwa na kiganja, na kiganja hicho alikitia kwenye wali.

Jumatatu ikafika. Aliamka kwa mazoea tu, akaenda Muheza. Aloisi alikuwa anamsubiri gizani, injini iko mezani, haijapakwa rangi yoyote. Hakumpa pole wala chai, maana habari hakuwa nazo. Akarudi nyuma hatua chache kumwachia nafasi. Kiluwa akaweka kiganja kwenye bloku, chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaiwasha. Ikaamka mara moja, bila kikohozi, bila moshi, ikatulia. Kiluwa akaketi chini kwenye vumbi la gereji akalia kwa sauti, na Aloisi, akidhani ni furaha, akatabasamu akaenda kumletea kiti.

Pijo ilipovutwa kutoka mlimani, injini ile ilifungwa humo na ikadumu miaka. Mzee Shemhilu hakulipanda tena gari hilo mpaka alipomfuata dada yake. Kiluwa akaendelea na kazi, akawa mkali zaidi ya zamani, na maneno yale ya barabarani akayachukua kwa baba yake akayafanya yake. Watu waliyasikia gerejini wakayapeleka kwenye mambo yao: kwenye posa, kwenye ubia wa biashara, kwa mgombea anayekuja akiwa amekwisha kupendwa na kila mtu. Siku hizi wanaoyasema wengi hawajawahi hata kuiona Pijo.

Lakini mwanzoni yalikuwa ya injini tu. Mteja alipokuwa akisita na kumwambia, fundi, huyu muuzaji ametukaribisha vizuri, tukimwambia azime tutamuudhi, Kiluwa alikuwa akifuta mikono yake polepole, hamtazami mtu.

"Muudhi," alikuwa akisema. "Ukiikuta inanguruma, uliza iliamkaje."