Mtia Nili Aliyesema Kabla ya Kuulizwa

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba, katika mji mmoja wa Yemen, aliishi mjane aitwaye Lubaba binti Harith, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi ya nili katika makasiki mawili, na kwa kazi hiyo akawalisha watoto wake watatu.

Asubuhi moja msafara wa wauza nili ulitua nje ya mji. Ungeondoka baada ya sala ya adhuhuri, usirudi ila baada ya nusu mwaka. Lubaba alihitaji dirhamu thelathini, na nyumbani hakuwa na hata moja. Akiikosa nili siku ile, watoto wangelala njaa.

Langoni mwa mji alikaa mla riba, aliyetoa thelathini papo hapo akadai arobaini na tano. Na sokoni alikuwapo Dhakwan, muuza mafuta ya ufuta, mcha Mungu aliyekopesha bila riba wala rehani, ila kwa yule tu aliyejulikana kuwa hulipa kwa wakati. Lubaba alikwisha kukopa kwake mara nne, na zote nne alilipa kabla ya siku yake.

"Sasa wasiwasi wa nini?" aliuliza jirani yake, Umm Khidash, akimpokea mtoto mchanga ili mwenzake aende mikono mitupu. "Wewe kwa Dhakwan, hata hujakaa, pesa iko kiganjani."

"Hajui habari ya kasiki langu, shoga."

Siku tano nyuma Lubaba alizidisha chokaa katika kasiki moja, rangi ikafa, na shuka kumi na mbili za watu zikatoka na mabaka. Wenyewe walikuwa watu wa mashamba, bado hawajaja kuzichukua. Ilimpasa awalipe.

Umm Khidash akacheka. "Hajui? Alhamdulillahi! Nawe usiende kumsomea hotuba. Watu hukopa kwa harusi wakalipa kwa matanga. Wewe wataka matanga yaanze kwenye kukopa!"

Dhakwan alipomwona alisimama, akamsogezea kigoda kivulini. "Thelathini, miezi mitatu, kama kawaida yetu," akasema, akazihesabu kiganjani mwa Lubaba bila kuuliza lolote.

Lubaba akafumba mkono. Zilikuwa nzito, na jua lilikuwa limekaribia utosini. Lakini moyo ulimwambia: huyu anakuamini kwa anayoyajua tu. Akafumbua mkono.

"Ami yangu, kasiki langu moja limekufa. Nadaiwa shuka kumi na mbili. Kwa miezi mitatu sitaweza kukulipa."

"Je, nimekuuliza?"

"Hukuniuliza, ami. Ungeniuliza, ningekujibu tu. Kwa kuwa hukuuliza, imenibidi niseme mwenyewe."

Dhakwan akazitwaa dirhamu zake zote. Lubaba akainuka, machozi yakimlenga, wala hakuomba.

"Kaa kwanza," akaambiwa.

Palikuwa na wateja wawili wakingoja. Dhakwan akawapimia mafuta yao mpaka wakaondoka, asije akamsemesha mwanamke yule mbele za watu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shuka moja ni kiasi gani?"

"Dirhamu moja."

"Kumi na mbili, basi. Na ukianza na kasiki moja tu, nili yake?"

"Ya kumi na tano."

"Chukua ishirini na saba, na muda wake uwe mwaka mzima. Thelathini za miezi mitatu zingekupeleka kule langoni, binti yangu, ukakope kwa riba upate kunilipa mimi."

"Mwaka, ami? Nami nimekwambia nimeharibikiwa?"

"Mara nne ulinionyesha kwamba ukipata hulipa. Leo umenionyesha kwamba ukikosa husema. Hilo nilikuwa silijui."

Lubaba aliufikia msafara mizigo ikifungwa, akapata nili yake. Wenye shuka walilipwa, na mwezi wa kumi haukwisha ila deni la Dhakwan limekwisha.

Ndugu zangu, mwenye jina jema hufunguliwa milango upesi, na ni neema kubwa. Lakini anayetufungulia haoni yaliyomo nyumbani mwetu. Ni haki yake tumwambie. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kusema mapema, na atukutanishe na wenye kusikiliza kwa upole.