Kitambaa Chekundu cha Mwalimu Shemdoe

Kiti kimoja hakina mwalimu. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo dada yenu anayekwenda kuanza kazi, mkadhani ni methali ya kale. Ya kale wapi! Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na asili yake ni hii.

Chini ya milima ya Usambara, kwenye uwanja uliopakana na mashamba ya mkonge, Mwalimu Shemdoe alifundisha vijana kurusha ndege isiyo na injini. Ndege yenyewe ilikuwa moja, ya kiti kimoja. Winchi, mashine ya kukunja kamba, ilimvuta mwanafunzi hadi juu, akaiachia, akateleza hewani peke yake. Shemdoe alibaki chini na kitambaa chekundu. Akikiinua, mwanafunzi ashushe pua ya ndege. Akikielekeza kushoto, apinde kushoto. Alijivunia kitambaa hicho kupita kiasi.

Mwanafunzi wake hodari, na mtiifu kuliko wote, alikuwa Mwanaidi binti Kaniki. Siku moja, kamba imeshafungwa, binti alisema:

"Mwalimu, leo naomba usinionyeshe kitambaa. Nataka niisikilize ndege mwenyewe."

"Haraka ya nini, mwanangu? Wewe niangalie mimi tu."

"Haya, mwalimu."

Alipoachia kamba, upepo wa mlimani ukatimua vumbi uwanja mzima. Shemdoe alipunga kitambaa mpaka bega likamuuma. Yeye aliiona ndege juu ya vumbi, lakini Mwanaidi hakumwona yeye. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anakitafuta kitambaa, na ndege ikazidi kupoteza mwendo.

"Shusha pua! Shusha!" Shemdoe alipiga kelele, kana kwamba angesikika.

Bawa moja likalala, ndege ikaangukia kwenye mikonge. Walimtoa Mwanaidi ameshakufa.

Matangani, mzee Kaniki hakumtukana Shemdoe. Alimuuliza tu, "Mwalimu, ulimfundisha nini mwanangu?"

"Nilimfundisha kuniangalia mimi," Shemdoe akajibu, akalia mbele za watu.

Wengi walitaka aache kazi. Hakuacha, ila kitambaa alikichoma. Ndege ilitengenezwa upya, na tangu hapo mwanafunzi alikalishwa wiki nyingi ndani ya ndege iliyofungwa chini, macho yamefumbwa, mpaka mikono yake ijue yenyewe la kufanya. Na siku ya kupaa, kamba ikishakazwa, Shemdoe aliupa uwanja mgongo, akatega sikio hadi asikie tairi limegusa ardhi.

Mama mmoja alimfokea, "Wewe mwalimu gani? Mbona humwangalii mwanangu?"

Hakugeuka. "Kiti kimoja hakina mwalimu, mama."