Waraka wa Mize na Lango la Mtoni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni nisije nikapasua koo. Nikisema "Ilikuwa," nyinyi jibuni "Ikawa." Ilikuwa. Haya, wawili wameitika, wengine wangali wanatafuna mahindi. Inatosha, twende.

Zamani sana, zamani ile ambayo hata babu yangu alisimuliwa tu, kulikuwa na mji uitwao Chanjaani, kando ya Mto Mbwaji. Mji ulizungushiwa ukuta wa mawe, na ukuta ulikuwa na malango mawili. Lango la Kaskazini walipita wageni, ng'ombe, na watu waliopenda kuonekana wakipita. Lango la Mtoni walipita wanawake. Walipita kuteka maji, wakapita kuchimba udongo wa vyungu, wakapita kufua, wakarudi wakapita tena. Mtaa wa Wafinyanzi ulikula na kuvaa kwa sababu ya lango lile.

Basi siku moja Jumbe Vuai, mtawala wa Chanjaani, akatangaza kwamba Lango la Mtoni litazibwa kwa mawe na chokaa, lisifunguliwe tena.

Sababu ilikuwa chui. Miezi kadhaa nyuma chui aliingia kwa lango lile jua likizama, akamchukua mtoto aliyekuwa akicheza barazani kwao. Mtoto mwenyewe aliitwa Kazija, hajamaliza hata kung'oa meno ya utoto. Baba yake alikuwa Mwinyi Pandu, msemaji wa Jumbe, na tangu siku ile hakuna mtu aliyethubutu kulitaja jina la Kazija mbele yake. Hakulia hadharani. Alikwenda kwa Jumbe, akaomba lango lizibwe, na Jumbe akakubali.

Sasa sikilizeni sheria ya mji ule, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mtu asiyeridhika na amri ya Jumbe aliruhusiwa kuandika waraka na kuusoma barazani. Akishausoma, anafunga mdomo. Msemaji wa Jumbe anasimama, anaujibu, na aliyesoma hana ruhusa ya kujibu tena, hata kama moyo unamchemka. Jumbe anaamua hapo hapo. Inasemekana sheria hiyo iliwekwa na babu yake Jumbe, ambaye alikaa kusikiliza watu wakijibizana mpaka wali wake ukachacha. Na jambo moja liliweza kuletwa mara mbili tu: mara moja na wanaume wa mtaa, na mara moja na wanawake wake.

Wanaume wa Mtaa wa Wafinyanzi walimpa kazi Fakihi Dau. Hakuna aliyeandika vizuri kama yeye mji mzima, naye alijua hivyo. Aliandika jinsi lango lilivyojengwa na mababu. Aliandika jinsi upepo wa mtoni unavyoingia kwa lango lile na kupoza vyumba vya wagonjwa. Akaeleza udongo mwekundu, vyungu, harusi zilizopikiwa katika vyungu hivyo. Wazee waliokuwa barazani walifuta machozi. Alipomaliza, akakaa, na watu wakaona kazi imekwisha.

Mwinyi Pandu akasimama. Akasema, "Na chui?"

Akakaa.

Fakihi Dau alifungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Jumbe alisubiri kidogo, kwa adabu tu, kisha akasema lango lizibwe. Watu wakatawanyika. Mafundi wakaanza kuchoma chokaa.

Ikawa zamu ya wanawake. Wakamwendea Mize binti Kombo. Mize alikuwa mfinyanzi kama wao, ila baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha kusoma na kuandika alipokuwa bado anabebwa mgongoni, kwa maneno yake mwenyewe baba. Fakihi Dau alikuwa mjomba wake. Wanawake wakamwambia, tuandikie, na uandike kitu kitakachoshinda. Mize akasema sawa. Walipoondoka akakaa akaitazama karatasi. Hakuna waraka wa tatu.

Alijua jambo moja tu: lile neno la Mwinyi Pandu litarudi. Basi akaona alitie yeye mwenyewe ndani ya waraka. Akaandika kwamba wapo watu wanaoogopa paka mkubwa kiasi cha kutaka mji mzima ukae na kiu. Akampelekea mjomba wake amsomee. Fakihi Dau akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Hapo umemweza, mpwa wangu," akasema.

Mize alirudi nyumbani akifurahi. Lakini njiani furaha ikaanza kumpungua. Akajiona barazani, amekwisha kusoma, amefunga mdomo, na Mwinyi Pandu amesimama akisema: hivyo sivyo nilivyosema. Naye angekuwa amesema kweli. Alikuwa amelijibu neno ambalo hakuna mtu aliyelisema. Akaichana karatasi. Karatasi enzi hizo ilikuwa kitu cha thamani, wajukuu zangu, si kama nyinyi mnavyotengenezea vishada. Aliichana hivyo hivyo.

Kesho yake akaenda nyumbani kwa Mwinyi Pandu. Hakumtaka Mwinyi, ambaye alikuwa kwa Jumbe. Alimtaka mkewe, Bi Tufa. Alimkuta uani anapeta mchele. Mize akainama, akamshika miguu, akaambiwa akae. Bi Tufa akaendelea kupeta.

Mize akasema, "Bi Tufa, mimi ndiye nitakayesoma waraka wa kutaka lango libaki. Nimekuja kukuuliza kwa nini mnataka lizibwe."

Bi Tufa aliweka ungo chini. "Mji mzima unajua kwa nini."

"Mji mzima unajua kuhusu chui. Nataka kusikia kutoka kwenu wenyewe."

Basi Bi Tufa akamweleza, na aliyoeleza hayakuwa yale Mize aliyoyatarajia. Alisema chui hakuruka ukuta. Alikuta lango wazi. Kila siku lilikuwa wazi, kwa sababu wanawake walirudi na mitungi kichwani na nguo mkononi, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kulifunga. Mlinzi wa lango, mzee wa watu, alipowasihi walifunge, walimtukana. Bi Tufa aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mgeni akae. Mize akatazama chini. Siku nyingi tu alikuwa amempita mlinzi yule akimwambia afunge mwenyewe, kazi yake ni nini.

Kisha Mize akauliza lile lililomleta hasa. Akaomba ruhusa ya kulitaja jina la Kazija barazani.

Kuku walikuja wakadonoa mchele uliomwagika, Bi Tufa hakuwafukuza. "Litaje," akasema. "Humu ndani nalitaja peke yangu."

Mize alipotoka pale hakwenda nyumbani. Alijiuliza: lango likizibwa, wanawake watapita wapi kwenda mtoni? Jibu lilikuwa Lango la Kaskazini. Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuifuata njia ile mpaka mtoni, wala mjomba wake, wala Mwinyi Pandu. Basi akaifuata. Alitoka kaskazini, akauzunguka ukuta, akateremka. Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Baadaye yakaanza matete, marefu kumpita kichwa, na njia ikawa nyembamba ya kupita mtu mmoja mmoja. Katikati ya matete akakuta mifupa ya mbuzi. Kengele ilikuwa bado imefungwa kwenye kipande cha kamba. Kando yake, kwenye tope, palikuwa na nyayo pana zisizo na alama ya kucha, nyayo za chui.

Mize hakukimbia. Alikuwa amesikia kwamba ukikimbia ndiyo unafukuzwa. Alirudi kinyumenyume, polepole, mpaka matete yakaisha, na hapo ndipo alipokimbia.

Aliandika siku mbili. Alipomaliza akampelekea tena mjomba wake. Safari hii Fakihi Dau hakucheka. Alisoma, akasoma tena, uso ukakunjamana.

"Mpwa wangu, humu umemwandikia Mwinyi Pandu maneno yake yote, na umeyaandika vizuri kuliko yako. Kwa nini umsaidie? Mdomo anao."

"Atayasema hata nisipoyaandika, mjomba. Ila akiyasema yeye, mimi nitakuwa nimekwisha kunyamaza."

"Na hapa umekubali kosa."

"Kosa tulilifanya."

Fakihi Dau akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeanza kunuka. Akamwambia afanye atakavyo, lakini asiseme kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Siku ya baraza ikafika. Jumbe Vuai aliketi mahali pake, Mwinyi Pandu mkono wake wa kuume. Wanawake wa Mtaa wa Wafinyanzi walijaa upande mmoja. Nje ya baraza lilionekana rundo la chokaa, jeupe, limekwisha kupoa. Mize akasimama. Akaikunjua karatasi. Akaanza kusoma.

Hakuanza na upepo wala harusi. Alianza hivi: "Jumbe, wanaotaka lango lizibwe wana sababu, na sababu yao inaitwa Kazija binti Pandu."

Baraza zima likazuia pumzi kwa pamoja. Mwinyi Pandu hakugeuka. Mlinzi wa Jumbe alimtazama Jumbe aone kama inafaa mtu aondolewe. Jumbe hakutoa ishara, na Mize akaendelea.

Akasema: watatuambia chui aliingia kwa lango hili, na ni kweli aliingia. Watatuambia aliingia kwa sababu wanawake huliacha wazi na kumtukana mlinzi. Hilo nalo ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Kwa hilo hatuna jibu ila kuomba radhi, na tunaomba. Wanawake nyuma yake walitazamana. Hawakuwa wamemtuma aombe radhi. Lakini hakuna aliyenyanyuka kukanusha.

Kisha akasema: watatuambia kwa hiyo dawa ni kuziba, na hapo ndipo tunapotengana nao. Akaeleza njia ya kaskazini, hatua kwa hatua, ukuta, mteremko, matete. Akaeleza mbuzi na kengele. Akasema lango likizibwa chui hatakuja tena kwetu, maana sisi ndio tutakaokuwa tunakwenda kwake, kila asubuhi, mmoja mmoja, tukiwa na mabinti zetu. Tutakuwa tumemkumbuka Kazija kwa kuwapeleka wenziwe alikotoka yule aliyemchukua.

Akasema pia: watatuambia chokaa imekwisha kuchomwa, itapotea bure. Haitapotea. Ukuta wa upande wa mtoni ni mfupi kuliko kwingine, na uinuliwe kwa chokaa hiyo. Lango litiwe kamba na jiwe zito la kuning'inia, ili mwenye mzigo akipita mlango ujifunge wenyewe nyuma yake. Alasiri lifungwe kabisa, na wanawake tushike zamu pamoja na mlinzi.

Hapo akafunga karatasi, akafunga na mdomo, akakaa.

Jumbe akamgeukia msemaji wake. Mwinyi Pandu akasimama. Alikuwa mtu wa kusema neno moja likatosha, na siku ile alikuwa analitafuta.

"Jumbe," akasema mwishowe, "nilikuja na maneno. Yote yamekwisha kusemwa, na ameyasema sawasawa. Njia ya matete sikuijua."

Jumbe akauliza kama hana jibu lingine.

"Sina. Ila nataka watu wajue jambo moja. Jina la mwanangu halijatajwa mbele yangu tangu siku ile. Nilidhani mmemsahau."

Akakaa, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, na safari hii hakujali kwamba ni hadharani.

Jumbe Vuai akaamua. Lango libaki, liwekewe kamba na jiwe, ukuta uinuliwe. Akaongeza kwamba likikutwa wazi baada ya alasiri hata mara moja, litazibwa na hakuna waraka utakaosikilizwa. Kisha akaenda kula, na inasemekana wali ulikuwa bado wa moto.

Lango halikukutwa wazi. Wanawake walishika zamu, na mlinzi akapata kikombe chake cha uji kila asubuhi bila kuomba. Chui hakukamatwa. Aliendelea kukaa kwenye matete yake, maana hakuna aliyemfuata tena huko. Fakihi Dau alianza kuwaambia watu kwamba Mize ni mpwa wake.

Na asubuhi moja, mvua za vuli zilipokuwa zimeisha, Bi Tufa alifika Lango la Mtoni na mtungi kichwani. Hakuwa amelipita tangu msiba. Wanawake waliokuwa foleni walimpisha. Mize, aliyekuwa zamu, aliuvuta mlango na kuuzuia kwa bega, maana jiwe lilikuwa zito. Bi Tufa akasimama kizingitini. Akatazama mto. Kisha akapita.

Basi, nyinyi mnaoandika insha za hoja shuleni, nimewasikia mkilalamika. Ukitaka mtu akukubalie, usijifanye huyasikii maneno yake. Yaandike, tena yaandike kama yeye mwenyewe angeyaandika. Palipo na kweli, kubali. Pasipo na kweli, jibu, na ujibu kwa jambo ulilokwenda ukaliona kwa macho yako. Mwalimu akisahihisha, hutakuwepo kumwambia "nilimaanisha vile". Wewe umekwisha kukaa.

Nami nimefika nilipokuwa nikienda. Mwenye la kupinga aliandike kwanza, atanisomea kesho. Sasa kunjeni mikeka, mlale.