Ukumbi Umejaa, Mwenyekiti

Badawi, mwenyekiti wa Chama cha Wapishi wa Harusi, alijichukulia harusi zote za matajiri na kuwaachia wenzake hitima. Wapishi wakasusa vikao, mmoja baada ya mwingine. Aliposikia kwamba mkuu wa wilaya angehudhuria mkutano wao, akaingiwa na kiwewe, akamwita katibu wake, Bi Mwamtoro, mwanamke mpole wa sura.

"Jumamosi nataka ukumbi ujae. Usipojaa, ukatibu huna."

"Utajaa, mwenyekiti. Ila usiniulize nitawavutaje."

"Hata ukiwaroga, shauri yako."

Jumamosi watu walifurika, wengine wakabaki nje. Badawi akavimba kama andazi kwenye mafuta moto, akamnong'oneza mgeni, "Waona wanavyonipenda?" Kisha akamwinamia Mwamtoro. "Umewaahidi nini? Pilau?"

"Sikuahidi kitu. Niliwakumbusha katiba tu, kwamba mwenyekiti hawezi kuondolewa katika ukumbi mtupu."

Kabla Badawi hajafumba mdomo, Mwamtoro alikwisha simama. "Ndugu wapishi, anayetaka mwenyekiti mpya anyooshe mkono."

Mikono ikainuka ukumbi mzima, na ya waliokuwa nje ikapenyezwa madirishani.