Jina la Setilaiti ya Pili

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, na anayependa kuhukumu asogee mbele, maana kesi hii haijapata hakimu mpaka leo.

Walikuwapo watu watatu waliofanya kazi katika kituo cha kurushia roketi, kando ya mashamba ya chumvi ya Chumvini. Wa kwanza ni Kombe, mpiga picha wa kituo, ambaye macho yake yangeona unywele ndani ya gunia la unga. Wa pili ni Luvuno, mtangazaji, ambaye sauti yake ilinyamazisha harusi nzima bila kipaza sauti. Wa tatu ni Mbodze, mhandisi, mwenye mkono usiotetemeka. Kwa mkono huo aliunga nyaya nyembamba kama uzi wa buibui, mwaka baada ya mwaka, mpaka setilaiti ikakamilika. Ilikuwa ya kuwaonya watu wa bondeni kabla mto haujafurika. Mama yake Mbodze alichukuliwa na mafuriko. Hilo hakulisema kazini, lakini kila waya aliuunga akimkumbuka.

Na kwa kuwa mkono wake uliaminiwa, aliketishwa pia mbele ya kitufe chenye kifuniko chekundu, cha kuilipua roketi angani ikipotea njia.

"Hicho ni pambo tu," mkuu wa kituo alimtania. "Hutakigusa."

Siku ya kurusha, Chumvini haikubaki na mtu nyumbani. Wanafunzi walikuja na bendera, kina mama na karai za viazi, na wote wakajaa kwenye uwanja wa chumvi, wakiimba. Luvuno alikuwa jukwaani katikati yao. Kombe na Mbodze walikuwa ndani ya kituo.

Roketi ikawashwa. Ardhi ikanguruma, moto ukamwagika, na ile fimbo nyeupe ikapanda. Mbodze alihisi machozi yakimlenga. Mara akasikia Kombe akipiga kelele.

"Inalala! Mbodze, inalala upande wa watu!"

"Mitambo inasema iko sawa," mkuu akafoka. "Kombe, usilete balaa!"

Ule mwanga ulimzuia Kombe kuona vizuri. Basi aling'oa kioo cheusi cha kamera kilichokinga jicho lake, akautazama moto moja kwa moja kupitia lenzi. "Inalala," akasema tena, huku jicho likimtiririka. Akanyakua redio: "Luvuno, waondoe watu! Sasa hivi!"

Luvuno hakuuliza kwa nini. Watu walikuwa wakishangilia, vichwa juu, hakuna aliyetaka kuondoka. Basi akaitoa sauti yake yote.

"Chumvini! Geukeni! Kimbieni kwenye mikoko! Kila mtu amshike mtoto aliye karibu naye, awe wake asiwe wake!"

Umati ukageuka kama mtu mmoja. Luvuno angeweza kukimbia nao, lakini wa nyuma walikuwa bado wameduwaa. Akabaki jukwaani akiwaita, mpaka sauti ikapasuka kooni.

Huko kituoni, mitambo nayo ilianza kulia. Mbodze alitazama skrini: watu wanakimbia, na juu yao ile roketi inainama. Ndani yake mlikuwa na setilaiti, kazi yote ya ujana wake. Akafunua kifuniko chekundu. Mkono haukutetemeka. Akabonyeza.

Anga likapasuka. Vipande vya moto vikanyesha juu ya uwanja uliokuwa mtupu, kimoja kikaangukia jukwaa na kumrusha Luvuno kwenye tope la chumvi.

Kwenye mikoko watu walisimama midomo wazi, mikono kichwani. Watoto wadogo walipiga makofi, wakidhani ndivyo inavyokuwa. Bibi mmoja akauliza taratibu, "Ndiyo imefika?"

Mshtuko ukageuka hasira. Jioni redio zilitangaza kwamba mhandisi mmoja ameilipua roketi ya taifa, na kwenye simu kukajaa mizaha na matusi. Mbodze alipotoka kituoni, tope likapigwa kwenye kioo cha gari lake.

"Muuaji wa jasho letu!" mtu akapaza sauti. "Ameivunja kwa mkono wake mwenyewe!"

Mbodze alijikunyata kwenye kiti, akiutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mwalimu Nyevu, aliyewaleta wale wanafunzi wenye bendera, ndiye aliyesimama mbele ya umati, kanga yake imelowa matope.

"Nendeni mkalitazame jukwaa lilivyoungua," akasema. "Pale ndipo watoto wangu walipokuwa wamekaa. Nimewaita mmoja mmoja, wote wameitika. Sasa nani anataka kurusha tope tena?"

Aliyekuwa na tope mkononi akaliachia.

Miezi ikapita, ikaamuliwa kuundwa setilaiti nyingine, na watu wa Chumvini wakapewa heshima ya kuipa jina. Wote wakakubaliana ibebe jina la mwokozi wao. Lakini jina ni moja, na hapo ndipo kijiji kilipogawanyika.

"Ni Kombe," wakasema wengine. "Asingeona yeye, nani angejua? Na lile jicho halioni tena."

"Ni Luvuno! Roketi ingelipuliwa juu ya vichwa vyetu, tungepona vipi? Leo akiongea, ni mnong'ono tu."

"Na Mbodze je? Ingeanguka nzima, moto wake ungetufuata hata mikokoni. Aliteketeza kazi yake, akalipwa matusi."

"Lakini viungo vyake vyote anavyo!"

"Na moyo wake umeuona?"

Waliulizwa wenyewe. Kombe akamtaja Luvuno. Luvuno, kwa mnong'ono wake, akamtaja Mbodze. Mbodze akamtaja Kombe. Kura zikapigwa, zikalingana. Ikabaki ya Mwalimu Nyevu, naye anasema usingizi umempaa, kila akichagua mmoja anawaona wale wawili wengine wakimtazama.

Setilaiti iko tayari, na ubavuni mwake pameachwa nafasi ya jina moja tu. Haya, nyinyi mliosikiliza, msaidieni mwalimu: mngeliandika la nani?