Rangi za Bi Kidawa

Shimo la taka la Bwana Mshangama lilinuka mpaka nzi wenyewe wakaziba pua. Kisima cha kijiji nacho kikaanza kunuka. Bi Kidawa, msuka mikeka, akamwendea.

"Bwana, taka zako zinaingia kwenye maji yetu."

"Bi Kidawa nawe! Ardhi inameza kila kitu. Mbona kisima changu hakina neno?"

"Kweli, mie sikusoma. Basi nami nimwage humo shimoni mwako rangi zangu za ukili?"

"Mwaga hata mapipa kumi!"

Akamwaga ishirini. Mvua ikanyesha siku tatu.

Ijumaa Bwana Mshangama akaja mbio, kanzu ya zambarau, ndevu za zambarau, hata mbuzi wake wa zambarau.

"Kidawa! Umenichafulia kisima!"

"Mie? Si ulisema ardhi inameza?"

Jumamosi malori yakazoa taka, na yeye mwenyewe kashika koleo kwa mikono ya zambarau.